Siku Mama Aliporudisha Tela Nyuma

Wiki iliyofuata maziko ya Mama, wanawake wa familia waliniambia nitoe nguo zake nje zipigwe jua kabla ya kugawiwa. Nilikuwa nimechoka uchovu ule wa matanga, wa kupokea watu na kupikia watu na kuitikia pole mpaka neno lenyewe linapoteza ladha mdomoni, na nilifungua sanduku lake bila kufikiria lolote. Juu kulikuwa na vitenge vyake vizuri, vimekunjwa kwa makini. Chini kabisa, chini hata ya gauni la kanisani, kulikuwa na koti la kazi la bluu, koti la kiume, limetoboka viwiko. Kabla sijaligusa, harufu yake ilinifikia. Ilikuwa harufu ya mazutu, yale mafuta ya trakta, pamoja na maziwa yaliyochacha na majani ya kabeji yaliyolowa. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani. Nje waliniita, nikaitika, lakini sikuinuka.

Sisi tuliokulia kwenye vilima vya Masisi tunaijua harufu hiyo. Kwetu ilikuwa harufu ya asubuhi. Papa alikuwa dereva wa trakta kwenye shamba la ng'ombe la mzee mmoja tajiri aliyeishi Goma, ambaye tulimwona mara chache sana. Kila siku kabla jua halijapanda vizuri, trakta ilifungiwa tela ya magurudumu mawili, ambayo sisi wote tuliiita remorke, ikapakiwa bidoni, yale madumu ya maziwa, magunia ya viazi na kabeji, na juu ya magunia wakapanda watu waliohitaji kufika Mweso sokoni au hospitali. Nyumba yetu ya mbao ilikuwa ndani ya uzio wa shamba, nayo ilikwenda na kazi. Aliyeendesha trakta ndiye aliyelala humo. Nililijua hilo hata kabla ya kujua kusoma, kama mtoto anavyojua ni mbwa gani anauma.

Papa alikuwa mtu wa Nyabiondo, mtoto wa wakulima wa maharagwe, mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu. Mama alitoka Walikale, kwenye msitu, alikokutana na Papa zamani wakati Papa akiwa bado kijana wa kupakia mizigo kwenye malori. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza kitu, alikuangalia kwanza, akafikiri, halafu akajibu kifupi, na mara nyingine jibu lenyewe lilikuja wakati wewe umeshasahau swali. Mimi, Solange, nilikuwa mtoto wao wa pekee wakati huo, na nilikuwa wa Papa. Nyumbani tuliishi pia na Shangazi Noella, dada mkubwa wa Papa, mjane, ambaye hakumpenda Mama na hakujisumbua kulificha.

Papa ndiye aliyetaka Mama ajue kuendesha. Jirani walicheka, na Shangazi Noella alisema mwanamke juu ya trakta ni aibu, lakini Papa alimjibu kwa sauti ambayo hakuitumia mara nyingi. "Siku batu wanakimbia na mi siko, nani atawabeba? Atangoja bwana wa nani?" Watu wa kwetu hawakuhitaji maelezo zaidi ya hayo. Tulishakimbia vita, tukarudi, tukakimbia tena. Kwa hiyo jioni, maziwa yakishamalizika, Papa alimpandisha Mama kwenye kiti cha trakta na wakazunguka uwanja wa malisho, Papa akitembea pembeni na kupiga kelele za furaha kila Mama alipobadilisha gia bila kuikwaruza. Kwenda mbele alijifunza haraka. Tatizo lilikuwa nyuma.

Mtu ambaye hajawahi kurudisha tela nyuma hawezi kuelewa usumbufu wake. Ukiwa na trakta peke yake, unapotaka kwenda kushoto unakata usukani kushoto, basi. Ukifunga tela, mambo yanageuka. Ukikata kushoto, tela inakwenda kulia. Ukiogopa ukakata zaidi, inajikunja kama mkono uliopinda, na kabla hujajua umefanya nini imeshafika mahali ambapo hukuitaka. Mama alijaribu, akakosea, akajaribu. Papa alisimama nyuma ya tela kumwongoza kwa mikono.

Jioni ile walikuwa wanarudi nyuma kuelekea kibanda cha maziwa, kwenye mteremko. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye uzio. Niliona tela inaanza kukimbilia upande wa Papa, nikamwona Papa akinyoosha mkono akisema hapana, hapana, upande ule, na Mama akakata usukani kwa nguvu upande uleule mbaya. Tela ilimbana Papa mguu kwenye nguzo ya kibanda. Sauti aliyoitoa sikuijua kuwa ni ya Papa. Wanaume walikuja mbio kutoka zizini wakipiga kelele, "Mbele! Peleka mbele!" Trakta ikanguruma, ikasogea mbele kidogo, Papa akaanguka kwenye matope, wakamvuta.

Na Mama hakushuka.

Hilo ndilo nililoliona na ndilo nililolibeba. Watu wote walikuwa chini wamemwinamia Papa, Shangazi Noella ametoka jikoni anapiga mayowe mikono kichwani, hata mimi nimeruka uzio nimechanika gauni, na Mama yuko juu ya kiti, ameshika usukani, anaangalia mbele. Hakugeuka. Uso wake ulikuwa mtupu. Alikaa vile mpaka wakampakia Papa kwenye kitanda cha kubebea wagonjwa. Mwanamume mmoja akaweka mawe kwenye magurudumu ya trakta, na hapo tu ndipo alipoteremka, akatembea mpaka nyuma ya kibanda, akatapika.

Papa alikaa hospitali Mweso siku nyingi. Aliporudi alikuwa na mguu umefungwa bandeji ngumu nyeupe kutoka paja mpaka vidole, na magongo mawili ya mti. Siku ileile kapita wa shamba, msimamizi wa yule mzee wa Goma, alikuja kusimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia.

"Papa Solange, pole sana. Lakini mzee anasema maziwa iko inaharibika. Anatuma shofere mwingine wiki hii."

Papa aliangalia kuta za nyumba yetu, ubao kwa ubao. Mama alikuwa jikoni akitoa maharagwe kwenye moto. Alikuja mlangoni akipangusa mikono.

"Umwambie asitume mutu," alisema. "Kesho maziwa itafika Mweso."

Asubuhi iliyofuata aliondoa koti la bluu la Papa kwenye msumari, akalivaa juu ya kitenge, akakunja mikono mirefu ya koti. Nilimwona kutoka kitandani. Nilikuwa na umri wa kuelewa kila neno na kutoelewa maana ya jambo lolote.

Alifika Mweso, na kesho yake pia. Lakini hakuwahi kurudi nyuma hata hatua moja. Alipanga barabara yake yote isimlazimishe kurudi nyuma. Sokoni aliingia kupitia juu, kwa njia ndefu ya makaburini, ili aweze kutoka kupitia chini. Kwenye kibanda cha maziwa alizunguka uwanja mzima wa malisho. Alipokutana na gari mahali pembamba, alizima injini, akashuka, akamwomba dereva mwingine ampandie trakta yake na kuirudisha. Pale ambapo hapakuwa na dereva wa kumsaidia, waliifungua tela na wanaume wakaisukuma kwa mikono, wakicheka, na Mama akasimama pembeni akiangalia viatu vyake. Watoto wa Mweso walimpa jina: Mama Mbele-Mbele. Walimkimbilia wakiliimba. Hakuwafukuza wala hakuwajibu.

Alirudi nyumbani jioni na uso wa kijivu. Nakumbuka alivyolala usingizi akiwa na tonge la bugali mkononi, mkono umesimama katikati ya sahani na mdomo. Papa akamtoa lile tonge taratibu kutoka vidoleni, akalirudisha kwenye sahani. Mimi sikuona uchovu. Niliona mtu ambaye hataki kula na sisi.

Kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshajua, au nilifikiri nimeshajua. Shangazi Noella alichambua maharagwe na jirani kila alasiri chini ya dirisha letu, na maneno yake yaliingia ndani kama moshi. "Ulimuona wewe? Alikaa kule juu kama mwamikazi, kama malkia, kaka yangu analia chini kama mbuzi. Hata machozi hakutoa. Mwanamke ya porini, hana roho." Jirani alisema aa, usiseme vile. Shangazi akasema, "Sasa nani ana koti? Nani ana ufunguo ya trakta? Nani ana kazi?"

Nikajumlisha mwenyewe. Mtoto akishaanza kujumlisha, kila kitu kinaingia kwenye hesabu. Mama alikuwa amevunja mguu wa Papa kwa makusudi, achukue kazi yake, na bado hajamaliza. Nilianza kulala miguuni pa Papa. Nilianza kuonja chakula chake kabla hajala. Yeye alidhani nina njaa, akawa ananiachia nusu, na kwa hiyo Papa alikonda katika wiki zile kwa sababu ya ulinzi wangu. Mama akinigusa kichwa nilikwepa. Alikuwa anauacha mkono wake hewani kidogo, halafu anaushusha. Hakuniuliza nina nini. Sasa nadhani aliogopa jibu.

Papa hakukata tamaa naye. Jioni, amekaa kwenye kiti, mguu juu ya gunia, alimpa Mama kifuniko kikubwa cha sufuria akishike kama usukani. Alimwonyesha kitu ambacho madereva wa kwetu hufundishana, kwamba ukirudisha tela nyuma usishike usukani juu, ushike chini kabisa, kwa mkono mmoja.

"Sasa mukono inaenda wapi?"

"Kushoto."

"Na remorke inaenda wapi?"

"Kushoto," alijibu Mama, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu asichokiamini.

"Njo vile. Kule unapeleka mukono, kule inaenda. Polepole. Na kama imepotea, haupigane nayo. Unaenda mbele, unainyoosha, unaanza tena. Hakuna mutu anakukimbiza."

"Siku ile pia hakuna mutu alinikimbiza," Mama alisema, akaweka kifuniko juu ya sufuria, na somo likaisha. Kesho yake Papa alikitoa tena. Nilikaa pembeni nikiwaangalia, nikaona Papa ni mjinga, anamfundisha mtu namna ya kummaliza.

Siku ya kumrudisha Papa hospitali, waangalie kama mfupa umeshika, ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mvua ilikuwa imesimama lakini barabara ilikuwa laini kama sabuni. Papa alipandishwa kwenye tela akaegemea magunia ya kabeji, mguu umenyooshwa, na mimi nikang'ang'ania kwenda naye. Kulikuwa na wanawake kadhaa waliokwenda sokoni na mama mmoja na mtoto mwenye homa. Mama alikuwa mbele peke yake, ndani ya koti kubwa, mabega yamepanda karibu na masikio.

Kabla ya kufika Mweso kulikuwa na mahali ambapo barabara ilichongwa kwenye ubavu wa kilima, pembamba, ukuta wa udongo upande mmoja na upande mwingine bonde. Unapanda, unafika juu kwenye mgongo, unashuka upande wa pili. Tulikuwa tumeshafika karibu na juu lori lilipotokea upande wa pili, likinguruma, limejaa ndizi na mapipa ya mawese kutoka Walikale, watu wamekaa juu ya mzigo kama ndege. Likasimama pua kwa pua na trakta. Nyuma yake pikipiki zikaanza kujipanga.

Mama alizima injini kama alivyozoea. Akainuka kidogo kwenye kiti, bila kushuka.

"Kaka," alimwita dereva wa lori, "naomba unirudishie hii. Mi siwezi mariere, kurudi nyuma, na remorke."

Dereva alitoa kichwa dirishani. Alikuwa mwanamume mzima, macho mekundu ya safari ndefu. "Mama, nakuomba usamehe. Siwezi kushuka. Fere ya mukono, ile breki, hakuna, na starteri imekufa. Kama natoa muguu hapa, hii gari inarudi ku mulima na batu bote hawa." Kijana wake alikuwa anakimbia nyuma ya magurudumu na vipande vya miti, na tuliona jinsi matope yalivyokuwa yanavimeza.

Wale watu juu ya ndizi walianza kuteremka harakaharaka. Mtoto mmoja alilia. Mama aliangalia nyuma yetu. Chini, baada ya mteremko, palikuwa na mlango wa malisho ambapo barabara inapanuka. Hapakuwa mbali kwa anayetembea.

"Shusheni batu," alisema Papa. Wanawake walishuka kwenye tela. Mimi nilishuka. Halafu Papa naye akaanza kujiburuta mpaka ukingoni, akaomba magongo yake, akashuka, mguu mweupe ukiingia kwenye matope. Akatembea, gongo kwa gongo, mpaka nyuma ya tela. Akasimama palepale anaposimama mtu wa kuongoza.

Mama alimwona. "Toka pale, Papa Solange."

"Washa trakta."

"Siwezi, na weye uko pale. Mwingine asimame."

"Mwingine hajui," Papa alisema. "Na mwingine, hautamuangalia vile utaniangalia mi. Washa, Mama Solange. Ule mutu wa lori muguu yake inachoka."

Mama akawasha. Moshi ukapanda. Niliona mkono wake ukishika gia, nikaona tela ikitikisika kuelekea kwa Papa, na kitu nilichokuwa nimekifungia kifuani wiki zote zile kikatoka chenyewe, kwa sauti ambayo nafikiri ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

"Mama, usimuue! Usimuue Papa!"

Wanawake wa sokoni, watu wa lori, waendesha pikipiki, wote waliniangalia, halafu wakamwangalia Mama. Tela ilikuwa imesimama. Papa alikuwa ananiangalia mimi, mdomo wazi. Nilimwona anaanza kuelewa habari ya chakula.

Nilingoja Mama aje kunipiga. Hakuja. Alibaki kwenye kiti, mgongo wake umenielekea. Kisha akaniita, bila kupandisha sauti.

"Solange. Kuya huku. Panda."

Nilipanda. Sikujua namna ya kukataa. Alinikalisha juu ya madigadi, lile bati pana linalofunika gurudumu kubwa, upande wa bonde, karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Alikuwa anatoka jasho katika baridi ile.

"Mi nitaangalia upande huu," alisema. "Weye uangalie ule. Kama unaona nataka kumuumiza Papa yako, uguse mukono yangu. Nitasimama. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Uangalie muzuri," alisema.

Akashika usukani chini kabisa, kwa mkono mmoja, kama kifuniko cha sufuria. Tukaanza kurudi. Tela ilikwenda sawa kidogo, halafu ikaanza kupinda kuelekea ukuta. Alisimama. Akaenda mbele, akainyoosha, karibu aguse pua ya lori, akaanza tena. Tukashuka kidogo. Ikapinda upande wa bonde. Akasimama. Mbele tena. Hakuna aliyecheka. Papa alikuwa anarudi kinyumenyume kwenye matope na magongo yake, akinyoosha mkono mmoja, akisema, "Kuya. Kuya. Kuya. Njo vile," kwa sauti anayoitumia kwa ng'ombe anayezaa.

Ndipo nilipoangalia chini. Sijui kwa nini. Labda macho yangu yalichoka kumwangalia Papa. Niliona miguu ya Mama. Alikuwa amevua viatu. Mmoja ulikuwa kwenye klachi, mwingine kwenye breki, na kila tuliposimama aliikandamiza yote miwili kwa nguvu zake zote, mpaka mapaja yanatetemeka chini ya kitenge na makalio yanainuka kwenye kiti, kwa sababu mteremko ulikuwa unatuvuta na trakta ile pia haikuwa na breki ya mkono. Ilikufa zamani, kila mtu shambani alijua. Nilimkumbuka dereva wa lori na maneno yake, kama natoa mguu. Nilikumbuka kibanda cha maziwa, mteremko wake, Papa ameanguka chini kwenye matope nyuma ya gurudumu, na yule mwanamume akija na mawe. Nilikumbuka mgongo wa Mama ulionyooka na uso usiogeuka. Sikulisema kwa maneno, kwamba siku ile angeinua miguu trakta ingemrudia Papa, nilikuwa mdogo mno. Lakini niligeuka kuangalia upande wangu kwa macho mengine.

Na niligeuka wakati mzuri, maana Papa alikuwa amehamia upande wa bonde kuona ukingo, gongo likateleza, akatoweka. Alikuwepo na ghafla hakuwepo. Nilimgusa Mama mkono.

Trakta ilisimama kabla sijaondoa kidole. Hakuuliza. Alikanyaga na kubaki amekanyaga, shingo imekaza, macho yamefumba. Tulisikia injini tu. Halafu kutoka nyuma ya gurudumu la tela kilitokea kichwa cha Papa, kimejaa matope mpaka nyusi.

"Niko," alisema. "Endelea."

Mama alifumbua macho. Akaendelea.

Tulipofika kwenye mlango wa malisho, tela iliingia kombo, ikavunja kijiti cha uzio, lakini iliingia yote. Lori lilipita polepole, likitupaka moshi. Dereva hakuthubutu kusimama. Alitoa mkono dirishani akasema, "Aksanti, mama," na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye naye anataka kulia. Waendesha pikipiki walipita. Mmoja aliniangalia, akaangalia pembeni.

Papa aliweka mawe kwenye magurudumu mwenyewe, akiyasukuma kwa gongo. Akaja kusimama karibu na kanyagio.

"Imeshika. Toa miguu sasa."

"Haitoki," Mama alisema.

Alikuwa hatanii. Miguu ilikuwa imekufa pale ilipokuwa. Papa aliegemeza magongo kwenye gurudumu, akanyoosha mikono, akashika kifundo cha mguu wa kushoto wa Mama, akauondoa kwenye klachi kama mtu anayetoa chungu motoni. Halafu wa kulia. Aliishika yote miwili kwa muda katika mikono yake iliyojaa matope, na Mama akainamisha kichwa mpaka paji lake likagusa usukani. Wanawake wa sokoni walikuwa wanakuja barabarani na mabeseni yao, wakatembea polepole zaidi kuliko kawaida ili wasifike haraka.

Hakuna aliyekitaja kilio changu, hata Papa, ambaye angeweza kuongea na jiwe. Watu walipanda, Papa naye akapandishwa. Mimi ningeweza kurudi kwenye magunia. Nilibaki kwenye madigadi.

Tulipita tena mahali pale juu, tukaanza kushuka upande wa pili, na paa za Mweso zikaonekana chini katika ukungu. Mama aliendesha na macho yake mbele. Alipoongea niliinama ili nisikie.

"Kile umesema kule," alisema. "Mi pia nakisikia. Kila asubui nikipanda hapa. Kwa sauti yako."

Maneno hayo ninayo hata leo, nikiwa na watoto wakubwa, na Shangazi Noella, mzee sasa, ameshalia kwenye kaburi la Mama kuliko sisi wote. Siku ile niliweka mkono wangu juu ya mkono wake uliokuwa kwenye usukani.

Akasimamisha trakta. Papo hapo, katikati ya barabara, miguu yote miwili chini, bidoni zikagongana nyuma yetu na wanawake wakapiga kelele. Akageuka kuangalia nyuma, kulia, kushoto, uso wake hauna damu.

"Nini? Umeona nini? Papa iko wapi?"

"Iko pale, ku magunia," nilisema. "Sijaona kitu. Nilikugusa tu."

Aliniangalia, akipumua kwa mdomo. Kisha akaondoa mguu mmoja, polepole, na tukaendelea kushuka.